Matembezi ya macho kwa wazee wasioweza kutembea

Pengine nyumbani mwako kuna mzee asiyetoka tena. Miguu imekataa, au nyonga ilivunjika, au alipata ugonjwa wa kupooza upande mmoja. Zamani aliamka kabla ya jogoo, akashuka mtoni, akapanda mlima na mzigo wa kuni. Sasa anaona ukuta asubuhi, na jioni anaona ukuta uleule. Mnampa chakula, mnamwosha, mnampa dawa zake kwa saa. Hata hivyo kila siku anasema maneno machache kuliko jana.

Tunataka kukufundisha kitu kimoja unachoweza kufanya kwa ajili yake. Ni kumtembeza kwa macho na masikio: kumwonyesha njia, mto, shamba au msitu katika telefoni au televizio, polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea, nawe umeketi karibu naye. Katika nchi nyingine kazi hii inafanywa katika nyumba za wazee kwa vyombo vya bei kubwa. Sisi tunaweza kuifanya kwa telefoni iliyomo mfukoni mwa mjukuu. Lakini iko namna ya kuifanya vizuri, na iko namna inayoumiza. Kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla ya kuanza.

Kimya cha wazee

Watu wengi wanasema, "Yule anakaa kimya kwa sababu amezeeka." Si kweli. Uzee unapunguza nguvu za miguu na macho, lakini hauondoi furaha. Mzee mwenye moyo mzima anacheka, anagombana kidogo, anauliza habari za majirani, anataka kujua bei ya chumvi sokoni. Yule asiyetaka kujua kitu tena ana ugonjwa, au ana upweke, au ana vyote viwili. Shirika la Afya la Ulimwengu, lile linaloitwa OMS, linahesabu kwamba karibu mzee mmoja katika saba ana ugonjwa wa akili wa namna fulani, na namna zinazoonekana zaidi ni huzuni nzito na wasiwasi.

Wengine wanasema neno baya kuliko hilo. Wanasema mama mzee anayekaa peke yake na kuzungumza na nafsi yake ni mchawi. Neno hilo limefukuza akina mama wazee nyumbani mwao, na wengine wamepigwa, hata kuuawa, hapa kwetu Kongo. Tafadhali fikiri kwanza. Mama huyo pengine anazungumza na mume wake aliyekufa, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuzungumza naye. Pengine ubongo wake una ugonjwa wa kusahau. Hayo yote mganga wa hospitali anayajua, wala hakuna uchawi ndani yake.

Utajuaje kwamba huzuni imekuwa ugonjwa? Mzee hatamani tena chakula alichopenda. Anaamka saa tisa za usiku na usingizi haurudi. Anasema mwili wote unauma, na mganga akipima haoni kidonda. Haogi asipolazimishwa. Anasema, "Mimi ni mzigo tu." Mambo hayo yakikaa majuma mawili au zaidi, mlete hospitalini. Huzuni nzito inatibiwa: kuna mazungumzo yenye mpango pamoja na mwuguzi aliyefundishwa kazi hiyo, na kuna vidonge, ambavyo vinaanza kusaidia baada ya majuma machache, si siku ileile. Picha za telefoni hazishiki mahali pa matibabu hayo. Zinakwenda pamoja nayo.

Akisema anataka kufa, usicheke, wala usimgombeze. Mwulize wazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani; kunampa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake, ondoa nyumbani dawa ya panya na dawa ya kunyunyiza shambani, na umlete. Tena, mzee aliyechanganyikiwa kwa ghafula, ambaye jana alikujua na leo hakujui, apelekwe hospitalini siku hiyohiyo. Pengine ni malaria, au ugonjwa katika njia ya mkojo, au sukari ya damu imeshuka. Huyo hahitaji filimu, anahitaji mganga.

Madirisha ya Pennsylvania

Labda unauliza, picha ya mti inamsaidia mtu namna gani? Mti hauingii mwilini kama kidonge. Basi sikia habari hii.

Katika jimbo la Pennsylvania, nchi ya Marekani, palikuwa na hospitali yenye vyumba vilivyofanana, ukubwa mmoja, na wauguzi walewale. Tofauti ilikuwa dirishani. Madirisha mengine yalitazama kundi la miti. Mengine yalitazama ukuta wa matofali. Mtu mwenye elimu, jina lake Roger Ulrich, alichukua vitabu vya hospitali vya miaka ya 1972 mpaka 1981, akatafuta wagonjwa waliopasuliwa kwa ajili ya kibofu cha nyongo. Akawapanga wawili wawili, jozi 23: mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, umri wao karibu sawa, mvuta tumbaku kwa mvuta tumbaku. Katika kila jozi mmoja alikuwa amelala upande wa miti, na mwenzake upande wa ukuta. Tena alichukua wagonjwa wa miezi ya majani tu, kwa maana kule wakati wa baridi miti inabaki fimbo tupu.

Aliona nini? Tukigawanya hesabu kwa wote, wale wa upande wa miti walikaa hospitalini siku 7.96 baada ya kupasuliwa, na wale wa ukuta siku 8.70. Wale wa miti walitumia dawa kali za maumivu mara chache kuliko wenzao. Na wauguzi, ambao hawakujua kwamba siku moja mtu atakuja kusoma vitabu vyao kwa kusudi hilo, waliandika juu ya wagonjwa wa ukuta mara nyingi zaidi maneno ya namna hii: analia, anahitaji kutiwa moyo. Ulrich alitangaza habari hizo mwaka wa 1984. Ni watu 46 tu, wala hakuna asemaye kwamba mti unaponya nyongo. Lakini tangu wakati ule wajenzi wa hospitali katika nchi nyingi wanafikiri juu ya kitu ambacho mgonjwa anakitazama.

Ile ilikuwa miti ya kweli nyuma ya kioo. Je, picha yake? Ulrich huyohuyo na wenzake walifanya kazi katika hospitali ya Uppsala, nchi ya Uswidi, pamoja na wagonjwa waliopasuliwa moyo. Mbele ya vitanda walitundika picha. Mwaka wa 1993 waliandika kwamba wagonjwa waliotazama picha ya maji na miti walikuwa na wasiwasi mdogo. Na wale waliopewa picha ya kisasa yenye mistari na pembe walizidi kuwa na wasiwasi, hata kuliko wale wasiopewa picha yo yote. Kwa hiyo usitundike tu kitu cho chote ukutani kwa mgonjwa, hata kama mchoraji wake ana jina kubwa.

Mwaka wa 2020 wapelelezi wa Exeter, Uingereza, waliwachosha watu 96 kwa makusudi. Waliwaonyesha filimu ya mtu anayeeleza kazi yake katika kampuni ya kuuza vitu vya ofisi. Kisha waliwaonyesha samaki na matumbawe chini ya bahari: wengine katika televizio ya kawaida, wengine katika miwani mikubwa inayofunika macho, na kundi la tatu walipewa miwani hiyo pamoja na nafasi ya kufanya vitu ndani ya picha kwa mikono yao. Namna zote tatu zilipunguza uchovu wa moyo na huzuni. Lakini furaha yenyewe ilizidi zaidi katika kundi la tatu. Kumbuka jambo hilo, maana tutalitumia: mtu anayetazama tu anapata kitu, lakini mtu anayeshiriki anapata zaidi.

Kwa nini iwe hivyo? Wenye elimu wawili wa Marekani, Rachel Kaplan na Stephen Kaplan, walieleza katika kitabu cha mwaka wa 1989 kwamba akili inatazama kwa namna mbili. Ya kwanza ni kutazama kwa kujilazimisha, kama mtu anayehesabu fedha au anayesikiliza kesi. Namna hiyo inachosha. Ya pili ni kutazama pasipo kujilazimisha: maji yanapita, majani yanatikisika, ndege anaruka, na macho yanafuata yenyewe. Wakati huo ile akili ya kwanza inapumzika. Mzee anayelala mbele ya ukuta hana cha kutazama, basi akili yake inazunguka juu ya maumivu, deni, na watu waliokufa. Mpe maji yanayopita, nayo itapata mahali pa kutua.

Kwanza mlango

Kabla ya telefoni, tazama mlango. Watu waliopima vitu hivi viwili wameona kwamba kuwa nje kwenyewe kunaleta furaha kushinda picha yake, wala si jambo la kushangaza. Nje kuna jua, na jua la asubuhi linasaidia mwili kujua mchana na usiku, hata usingizi unarudi. Nje kuna majirani wanaosalimu. Basi kama watu wawili wenye nguvu wanaweza kumbeba mzee katika kiti mpaka chini ya mti wa avoka, wambebe. Kama haiwezekani, weka kitanda chake karibu na dirisha, au kiti mlangoni. Tumeona nyumba ambamo mzee alilala miezi kwenye chumba cha nyuma, pamoja na magunia, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Chumba cha mbele kiliwekwa kwa wageni. Afadhali wageni wakae na magunia.

Matembezi ya macho ni kwa ajili ya yule ambaye mlango hautoshi. Ni mgonjwa aliyefungwa mguu kwa uzito hospitalini. Ni majira ya mvua, au mtaa usio na usalama. Na zaidi ya wote ni mzee aliye mbali na mahali pake, asiyeweza kurudi.

Njia anayoijua

Filimu za msitu na bahari ziko nyingi katika intaneti, nazo ni nzuri. Mzee atafurahi kuona sokwe wakubwa wa Virunga, mbuga iliyowekwa mwaka wa 1925, ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika, ambayo yeye pengine alipita kando yake miaka yote na hakuona sokwe hata mmoja. Lakini kwa maoni yetu filimu iliyo bora ni ile ambayo hakuna mtu mwingine duniani angetaka kuitazama: njia ya kutoka nyumba yake ya zamani mpaka mahali alipoteka maji.

Tuchukue mfano. Mama mmoja alizaliwa kisiwani Idjwi, na sasa anakaa kwa binti yake Goma. Mtaa wao ni mawe meusi ya moto wa Nyiragongo, makali, na mtu mwenye fimbo hawezi kutembea juu yake. Mjukuu anakwenda Idjwi kwa mashua kwa ajili ya biashara ya mananasi. Basi siku ya kurudi aamke mapema, kabla ya jua kuwa kali. Aanzie mlangoni pa nyumba ya nyanya yake. Ashike telefoni kwa mikono miwili mbele ya kifua, upande wake mrefu ukiwa umelala, na kutembea polepole kuliko anavyozoea, kama anayetembea pamoja na mzee. Asigeuze telefoni huku na huku, kwa maana picha inayorukaruka inamtia mtazamaji kizunguzungu. Akifika kwenye kahawa asimame, ahesabu mpaka ishirini. Akifika kwenye chemchemi asimame tena, aache maji yasikike. Asiseme maneno juu ya filimu, wala asiweke muziki. Mlio wa kuku, jembe, watoto, mtu anayesalimu kutoka shambani, huo ndio muziki. Dakika kumi zinatosha.

Kuna mambo mawili ya kujihadhari. Watu unaokutana nao njiani, uwaombe ruhusa. Wengi watapenda, tena watampelekea mzee salamu, nayo itakuwa sehemu bora ya filimu. Na usichukue kamwe picha ya askari, barriere, daraja, kambi au uwanja wa ndege. Watu wamefungwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Ukiwaona askari mbele, weka telefoni mfukoni, pita, uanze tena mbali.

Namna ya kutembea pamoja

Usimpe mzee telefoni na kwenda zako. Hapo umempa ukuta mwingine, wenye rangi tu. Keti upande wake, si mbele yake, mtazame wote wawili njia moja. Mwulize kwanza, "Koko, unataka tutembee kidogo?" Akikataa, acha, ni haki yake, naye amekwisha kunyimwa haki nyingi tangu alipolala. Mpe miwani yake na uifute. Inua kichwa chake kwa mto. Geuza kioo cha telefoni ili mwanga wa dirisha usikipige. Kama jirani ana televizio na waya wa kuiunganisha na telefoni, ni vizuri zaidi, kwa kuwa macho ya wazee yanachoka juu ya kioo kidogo.

Halafu uliza. Hapa ndipo lile neno la watu wa Exeter linapotufaa, kwamba anayeshiriki anapata zaidi. Sisi hatuna miwani ile ya bei kubwa, lakini tuna maulizo, nayo hayana bei. "Njia hii ya kushoto inaenda wapi? Shamba lile lilikuwa la nani? Mti huu mnauita namna gani kwa lugha ya nyumbani? Mlivuka hapa wakati wa mvua?" Simamisha filimu anapotaka kusema, hata kama mtabaki mahali pamoja nusu saa na hamjafika mtoni. Kufika si kazi. Mzee wa chini ya Ruwenzori akitazama kilele chake atakuambia kwamba theluji ilikuwa kubwa zaidi alipokuwa kijana, naye atasema kweli, kwa maana wapima ardhi wameona vilevile. Siku hiyo yeye ni mwalimu, wewe ni mwanafunzi, na kwa muda fulani hakuna mgonjwa chumbani.

Mruhusu kutikisa miguu kama inaweza kutikisika. Wengine wanapiga miguu sakafuni bila kujua, wakifuata njia. Ni vizuri kwa damu ya miguu pia. Lakini asisimame huku akitazama, asije akaanguka.

Mara ngapi? Afadhali dakika kumi kila siku, saa ileile, kuliko saa nzima siku moja na kisha kusahau juma zima. Mzee aliye kitandani hana kitu cha kungojea isipokuwa chakula. Akijua kwamba saa kumi ya jioni, watoto wakitoka shule, kuna matembezi, siku yake inapata umbo.

Wale waliokimbia vita

Sehemu hii usome kwa uangalifu. Wazee wengi katika Kivu na Ituri hawakuacha kijiji kwa sababu ya miguu. Walifukuzwa. Wengine waliona nyumba ikiwaka na watoto wakianguka. Kwa mzee wa namna hiyo, njia ya mtoni inaweza kuwa njia ya furaha, au inaweza kuwa njia aliyokimbilia usiku ule. Wewe hujui ni ipi, hata kama wewe ni mtoto wake, maana wazazi wanaficha mengi.

Kwa hiyo usimshtue kwa picha ya kijiji chake. Mwulize siku moja kabla: "Mtu fulani amepita kwetu, ana picha. Unataka kuziona, au bado?" Akinyamaza, hesabu kwamba amesema bado. Anza na mahali pasipo na watu wala historia: ziwa, mvua juu ya majani, msitu wa Epulu, ng'ombe katika majani ya Masisi kama yeye si mtu wa Masisi. Tazama uso na mikono yake. Akianza kupumua upesi, akitoka jasho, akitetemeka, au macho yakitazama mbali kana kwamba hayuko chumbani, funga telefoni. Taja jina lake. Mwambie mko wapi, ni siku gani, na wewe ni nani. Mpe maji ya kunywa, mshike mkono kama anapenda. Usimwulize aliona nini. Akitaka kusema atasema. Kesho mweleze mwuguzi, kwa maana majeraha hayo pia yana matibabu.

Lakini machozi peke yake si hatari. Mama anayelia kidogo akiona mgomba wa mume wake, kisha akaanza kueleza jinsi alivyoupanda, huyo anaomboleza vizuri, pengine mara ya kwanza tangu alipokimbia. Usimnyamazishe upesi kwa kusema "Pole, basi, basi, usilie." Kaa naye.

Na usimdanganye. Kama nyumba imebomolewa, usimwonyeshe filimu ya zamani na kusema mambo yote yako sawa. Mwambie, "Filimu hii ni ya mwaka fulani, kabla ya vita." Mtu mzima anaweza kupenda kitu kilichopotea, akijua kimepotea.

Wenye macho mabaya, na wenye kusahau

Kama mzee haoni vizuri, jicho lipimwe kwanza. Mara nyingi ni mtoto wa jicho, nao unaondolewa kwa kupasuliwa kwa muda mfupi. Tumeona watu walioletwa kwa kushikwa mkono wakarudi nyumbani wakiwaongoza wengine. Yule ambaye jicho lake haliwezi kupona tena, mpe sauti. Mlio wa mto, vyura vya jioni, mvua juu ya bati, ndege wa alfajiri. Weka na vitu mkononi: jani la mkaratusi la kuponda na kunusa, udongo wenye unyevu, ganda la kahawa. Pua inakumbuka mambo ambayo ulimi umesahau.

Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau pengine atafikiri picha ni dirisha. Atasema, "Mwite yule mtoto, anakaribia maji." Usibishane naye, wala usimcheke. Sema, "Ndiyo, mama yake yuko karibu," ikiwa mama anaonekana, au ugeuze maneno: "Wewe ulijifunza kuogelea wapi?" Akiogopa, funga. Kwa wazee hao filimu ileile kila siku si kosa. Kinachokuchosha wewe, yeye anakiona kipya.

Maulizo

Ile miwani mikubwa ya kufunika macho, tuitafute? Kama mtu wa ng'ambo anakuletea, unaweza kujaribu, lakini kwa uangalifu. Mzee aikalie kitini chenye mikono, dakika tano tu mara ya kwanza. Inaweza kuleta kichefuchefu na kizunguzungu. Mwenye kifafa asiivae pasipo kumwuliza mganga, wala mwenye akili iliyochanganyikiwa. Ifutwe vizuri kati ya mtu na mtu, maana inagusa macho. Tena ina kasoro moja ambayo wauzaji hawaisemi: mzee akiwa ndani yake, wewe humwoni, naye hakuoni.

Mkwe wangu anasema telefoni inaharibu akili, je, na ya wazee? Inategemea inaonyesha nini. Mzee anayeachwa na habari za vita tangu asubuhi mpaka usiku atapata hofu na kukosa usingizi. Zima habari hizo saa moja kabla ya kulala. Maji na miti ni kitu kingine.

Kanisa letu lina wazee wengi wasiotoka. Tufanye nini? Vijana sita wenye telefoni wanatosha kuanza. Kila mmoja apewe mzee mmoja, asibadilishwe kila juma, kwa maana mzee anamngojea mtu, si filimu. Wale wanaosafiri kwa biashara waulizwe kabla ya safari: unapita kijiji gani, na ni nani kwetu aliyezaliwa huko?

Sina fedha za mega kila siku. Huzihitaji kila siku. Filimu uliyochukua mwenyewe haidai mega hata moja. Ile ya intaneti, itafute mara moja, uiweke ndani ya telefoni, kisha uwape wengine kutoka telefoni mpaka telefoni kwa Bluetooth. Inakaa humo mpaka utakapoifuta. Jaza betri mchana, ili saa ya matembezi isikatike katikati ya njia.